Seremala wa Kwingineko

Mpanga hadithi wa kwanza aliuawa na Uswisi. Wa pili akauawa na Austria. Wa tatu, Mzee Kiluwa, mtu mpole aliyekuwa akiwaamkia hata mbuzi, aliuawa na Ujerumani ya Mashariki, nchi ambayo yenyewe ilishakufa zamani. Maiti yake ilikuwa bado mlangoni, miguu ndani na kichwa nje, Nakundwa alipoletwa kushika kazi.

"Mruke," Kapteni Mhando alimwambia. "Leo hatuna nafasi ya kuzika."

Nakundwa akamruka, akavuta upindo wa kanga usiguse damu, kisha akaona aibu kwamba katika hali ile bado aliihurumia kanga.

Ndani kulikuwa na joto la kuungua. Tanuru lilijaza ukumbi mzima, chuma cheusi kutoka sakafuni hadi darini, na mdomo ambao ng'ombe angeingia bila kuinama. Wahandisi waliolijenga walikimbia barafu ilipoifunika Ulaya, wakapanda Lushoto kwa kuwa ubaridi wake uliwakumbusha kwao. Walileta tanuru na rafu zao za hadithi, kisha homa na bunduki zikawamaliza. Tanuru likabaki, na uchaguzi wake wa chakula. Lilikula kitu kimoja tu: hadithi za kisayansi za Wajerumani. Lilishe hadithi ya bunduki inayoyeyusha mawe, litakutemea bunduki inayoyeyusha mawe. Hadithi ikishaliwa, imekwisha. Hailiki mara ya pili.

Ila kabla ya kula lilitaka kuambiwa linakula nini. Kifuani mwake palikuwa na magurudumu matatu ya shaba. La kwanza la lugha, la pili la taifa, la tatu la chombo: kitabu, jukwaa, redio, filamu, vibonzo, na kadhalika. Ukilidanganya, linatapika chuma cha moto.

Ndipo wenzake walipoponzeka. Wa kwanza aliona kitabu cha Kijerumani, akazungusha gurudumu la taifa kwenye Ujerumani bila kujiuliza mara mbili. Mwandishi alikuwa Mswisi. Kilichobaki cha mpanga hadithi yule kilizolewa kwa sepetu. Wa pili alidanganywa na filamu iliyopigwa Berlin kwa hadithi ya mtu wa Vienna, kule Austria. Mzee Kiluwa alipewa kanda ya redio kutoka Leipzig, naye akasahau kwamba ilipotengenezwa, Leipzig ilikuwa ya Ujerumani nyingine, ile ya Mashariki. Yeye aliruka pembeni, tanuru likamkosa. Kapteni hakumkosa.

"Nilikuwa napoteza askari," Kapteni alimweleza Nakundwa, kama mtu anayeeleza kwa nini amehamisha kuku banda. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, ambacho askari mmoja alikibeba kila alikokwenda, kwani Kapteni Mhando hakupenda kusimama. "Sasa wachochezi wa moto ni mateka. Ukikosea, wao ndio wanaopikwa kwanza. Watazame vizuri, dada, usije ukasema hukuonyeshwa."

Nakundwa aliwatazama. Walikuwa wamefungwa mnyororo mmoja mbele ya mdomo wa tanuru, watu wa Korogwe, mji wa bondeni uliokuwa vitani na Kapteni, migongo wazi, wakitupa makaa. Wa mwisho kwenye mnyororo alikuwa na kovu begani. Kovu hilo alilipata akimkinga dada yake, Nakundwa, na fisi walipokuwa wadogo, kule Upareni. Elinami hakugeuka. Alimtambua dada yake kwa kikohozi tu, akaendelea kutupa makaa kama mtu asiye na ndugu.

"Saa za mchana nataka silaha ishuke mlimani," Kapteni alisema. "Nataka Korogwe isiwepo. Rafu zimebaki tupu, lakini nimepata hadithi moja ambayo haijaliwa. Iko kichwani mwa bibi mmoja. Nenda ukaizungumze naye, uje unipe lugha, taifa na chombo."

Korogwe alikuwako mke wa Elinami na watoto wake. Alikuwako pia mama yao, aliyekataa kukimbia kwa sababu kuku wake walikuwa wanaatamia.

*

Bibi Otilia alikuwa amefungiwa kwenye chumba cha rafu tupu. Mzungu mkongwe, mkavu kama dagaa, kanga mbili, mdomo mwekundu kwa tambuu. Alizaliwa Tanga, akakulia mtaa wa Ngamiani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa nne?"

"Ndiye."

"Wa tatu alikuwa na meno mazuri. Wamemharibia." Akasogea kumpisha kwenye mkeka. "Haya, niulize. Na mimi nimechoka kuulizwa na wanaume wenye bunduki. Wanauliza, halafu wanajijibu."

Nakundwa akaanza kama alivyofundishwa. Lugha?

"Kijerumani. Na Kiswahili kinapita humo kama chumvi."

"Taifa?"

"Hapo sasa. Baba yangu Mswisi, mama yangu Muaustria, na pasipoti zao zilikuwa za Ujerumani, za kununua. Mimi wa Ngamiani."

"Sikuulizi wewe, bibi. Nauliza hadithi."

Bikizee akamtazama upya, akacheka kimoyomoyo. "Hao wenzako hawakuuliza hivyo. Ndiyo maana wamekufa." Akatema tambuu pembeni. "Hadithi ni ya Seremala. Bibi yangu kule Graz, Austria, alikuwa na seremala wa chuma, mashine ya wakati ujao, anakata miti basi. Nilipoanza kuwasimulia watoto wa Ngamiani, waliokwisha kukizoea Kijerumani changu, miti haikuwatosha. Wakanitia maneno mdomoni mpaka Seremala akaota miguu. Graz hawamjui huyo wa kwangu. Wangemwona wangefunga milango."

"Anafanya nini?"

"Anakata. Anaingia mjini, misumeno inazunguka, anasimama. Halafu anawageukia wasikilizaji, anauliza: na sasa nani? Watoto wanamtajia. Anakata huyo, anarudi, anauliza tena."

"Walikuwa wanamtaja nani?"

"Mwalimu wa hesabu, siku zote. Yule mtu nimemkata kuliko nyasi. Halafu mbwa wa jirani. Halafu kodi ya nyumba. Nawaambia, kodi haina shingo, wananiambia itafutie."

Nakundwa alikuwa anacheka. Kisha akaacha.

"Anauliza," alisema polepole. "Swali limo ndani ya hadithi."

"Bila swali hakuna hadithi. Watoto wangelala mapema."

"Wakijibu wawili kwa pamoja?"

"Anamsikia aliyewahi. Kwa lugha yoyote, mradi awe amewahi. Na akishasikia hasimamishwi, mpaka amalize."

Nakundwa akatega sikio. Nje ya ukuta ilikuwa siku ya soko. Alisikia wanawake wakinadi viazi na mapera. Akitoa majibu ya kweli, tanuru litamzaa Seremala, Kapteni atagundua kwamba anatii sauti, na Korogwe itakatwa nyumba kwa nyumba. Akidanganya gurudumu moja tu, tanuru litatapika na Elinami atayeyuka na mnyororo wake. Akikataa, Kapteni atazungusha magurudumu mwenyewe, na matapishi ni yale yale. Kila alikogeuka palikuwa na maiti. Zilitofautiana majina tu.

Palibaki jambo moja. Kumuwahi.

"Bibi, nikimjibu mimi kwanza?"

Bibi Otilia hakujifanya hakuelewa. "Wale askari una watu unaowajua?"

"Koplo Hoza. Mama yake ananiuzia viazi. Hajawahi kunipimia fungu bila kuongeza kimoja juu."

"Basi unajua unachosema." Bikizee alijifunga kanga vizuri. "Mimi nimeua watu wengi kwa mdomo huu, mwanangu, lakini jioni wote walikwenda kwao wakala. Wa kweli sijawahi. Siwezi kukufundisha."

*

"Kijerumani," Kapteni alirudia, akipiga kidole gotini. "Vizuri. Taifa?"

"Kwingineko."

"Ndiyo nchi gani hiyo?"

"Ni alama ya mwisho kwenye gurudumu, afande. Wahandisi waliyaweka humo yaliyosemwa kwa Kijerumani na watu wasio wa kwao."

"Nitaipiga Korogwe kwa silaha ya Kwingineko," Kapteni alisema, na askari wakacheka kwa kuwa yeye alitabasamu. "Na chombo? Huyu bibi atasemea kwenye lile bomba la tanuru. Ni redio."

"Redio haimsikii mtu. Hii ni mdomo."

"Redio."

"Zungusha mwenyewe basi, afande," Nakundwa alisema. "Lakini sogeza kiti chako nyuma kidogo."

Koplo Hoza, kijana mnene mwenye haya, alitazama sakafu. Kapteni alimkazia macho Nakundwa, kisha akaamua kwamba mtu mwenye kaka kwenye mnyororo hawezi kufanya utani. Kumbe hakuna aliyemwambia kuhusu kaka huyo. Alikuwa anakisia tu kwa jinsi macho ya mwanamke yalivyokwepa upande ule. Alitabasamu tena.

"Mdomo," alikubali.

Nakundwa akazungusha. Gurudumu la tatu lilikuwa gumu pale mwisho. Alama ya mdomo rangi yake ilikuwa mpya, haikuwahi kuguswa. Tanuru likanguruma ndani kwa ndani, ngurumo ya tumbo lililoridhika. Mateka waliokuwa wamefumba macho wakayafumbua.

Bibi Otilia akapelekwa kwenye bomba la shaba, sikio la tanuru, akaketi mbele yake. Akaanza. Nakundwa alipita karibu na mnyororo kana kwamba anakagua moto, akasema kwa Kipare, kwa sauti ya mtu anayelalamikia joto: "Nikianguka, nanyi laleni. Kifudifudi. Waambie wenzako, na asipumue mtu kwa sauti."

"Mama hajambo," Elinami alijibu kwa Kipare, naye akitazama makaa. "Nilimwona juzi." Kisha akanong'ona kitu kwa aliyefuata.

Hadithi ilikuwa ndefu na bibi hakuikata hata kidogo. Tanuru lilianza kutetemeka. Mdomoni mwake kikatokea kwanza mkono, kisha wa pili, wa tatu, wa nne, kila mmoja na msumeno wa duara mwishoni, na nyuma yake kifua kama kabati na uso bapa wenye wavu badala ya mdomo. Seremala akatoka akiinama, akajinyoosha, akawapita mateka kama mtu anayeruka dimbwi. Askari wakarudi nyuma hatua. Kapteni peke yake hakutikisika kitini pake.

Misumeno ikaanza kuzunguka. Uso ule ukawageukia watu, na sauti iliyotoka wavuni ilikuwa ya Bibi Otilia yenyewe, tambuu na vyote, kwa Kijerumani.

Na sasa nani?

Kapteni hakujua Kijerumani. Alifungua kinywa aulize anasema nini, lakini Nakundwa alikuwa tayari anaanguka chini, na alipokuwa anaanguka akalitoa neno.

"Waliosimama."

Misumeno haikupiga kelele alizozitegemea. Ilikuwa kama upepo kwenye migomba. Askari aliyekuwa karibu aligawanyika kifuani akiwa bado anashangaa. Bunduki yake ikaanguka vipande viwili, mkono mmoja kwa kila kipande. Wengine walikimbia, na kukimbia ni kusimama. Mmoja alipiga risasi zake zote kwenye kifua cha chuma, zikarudi zikampata mwenzake, na kabla hajajuta hakuwa na shingo. Damu iligonga tanuru ikachemka, ukumbi ukanuka kama jiko la msibani. Nakundwa alikandamiza uso sakafuni. Kitu kizito kilimwangukia mgongoni, kikatikisika, kikaacha.

Alipoinua kichwa, Koplo Hoza alikuwa chini, miguu haipo kuanzia magotini. Pengine alianza kuinama akachelewa. Waliobaki walikuwa vipande tu, hakukuwa na haja ya kuwatafutia majina.

Na katikati ya machinjio yale, damu ya wengine usoni, mikono juu ya magoti, alikuwa ameketi Kapteni Mhando, mzima kama alivyozaliwa. Nakundwa aliwaza vijana wale wote, waliosimama kwa sababu wameamriwa kusimama, na aliyeamuru ameketi. Alitamani kucheka, akajizuia asije akapiga kelele.

Na sasa nani?

"Mama," Koplo Hoza alilia. "Mama yangu."

Seremala akageuka. Hakwenda mlangoni, alikata ukuta, akapita.

Kule sokoni wanawake walikuwa bado wananadi. Kisha wakaacha kunadi. Nakundwa aliziba masikio, lakini kelele zilipita vidoleni. Hazikudumu. Seremala alirudi kwenye tundu alilolikata, na kwenye msumeno mmoja kulikuwa kumenasa kipande cha gunia na kiazi kilichopasuliwa sawasawa. Hoza alikiona kile kiazi. Aligeuza uso, akafa.

Na sasa nani?

"Ukuta," Bibi Otilia aliwahi kutoka kwenye bomba, na Seremala akauendea ukuta wa nyuma, akaanza kuukata matofali.

Nakundwa alimtambalia. "Bibi, hadithi inaishaje?"

"Haiishi. Nilikuwa namalizia nilipotaka." Alimsogezea mdomo sikioni. "Wanalala. Akiuliza na asijibiwe, Seremala anajua watoto wamelala, naye anakunja misumeno. Kimya tu, mwanangu. Asijibu mtu hata mmoja."

Wote wawili waligeuka pamoja kumtazama Kapteni. Naye alikuwa anawatazama. Kijerumani hakukijua, lakini alikuwa amesikia "mama" na ameona kiazi, alikuwa amesikia "ukuta" na anaona matofali. Alichomoa bastola bila haraka, akampiga Bibi Otilia risasi ya kifua, ili asimwahi. Akamgeuzia Nakundwa, akavuta, bastola ikatoa mlio mkavu. Akaitupa. Hakuihitaji. Kilichomfaa sasa ni kusubiri swali, na jibu alikuwa nalo tangu asubuhi.

Alisimama kwa mara ya kwanza siku ile.

Nakundwa alimrukia. Walianguka na kiti chini yao kikavunjika. Alimbana mdomo kwa kiganja, uzito wake wote juu, na ukuta wa nyuma ukaporomoka, na vumbi likawafunika, na kutoka ndani ya vumbi ikaja sauti ya bibi aliyekuwa anakata roho hatua mbili kutoka hapo:

Na sasa nani?

Kapteni akamng'ata. Meno yalizama kwenye nyama chini ya kidole gumba, yakakutana na mfupa. Nakundwa alifungua kinywa na hakutoa sauti. Alimezea yote ndani: ukelele, jina la mama yake, jina la Mungu. Kapteni alitafuna. Alimpiga ngumi mbavuni, akamchimba jicho, na katikati ya mapigo yale, chini ya kiganja, ulimi wake ulikuwa unapapasa kutengeneza neno. Nakundwa alilisikia likijipanga kwenye damu yake mwenyewe. Ko. Alisukuma mkono ndani zaidi, vidole hadi kooni.

Mateka walikuwa wamelala, nyuso chini, kila mmoja amejiziba mdomo. Elinami alianza kuvuta. Mnyororo ungelia, kwa hiyo waliufunga mikononi na vifuani, pete kwa pete, na safu nzima ikatambaa pamoja kama mnyoo mmoja, kimya, juu ya damu, kwa kuwa aliyekuwa mwisho alihitaji kumfikia dada yake. Elinami aliupitisha mnyororo shingoni mwa Kapteni. Wenzake wakavuta. Hawakuvuta kwa hasira. Walivuta kama watu wanaoteka maji.

Seremala aliinama juu yao. Wavu wa uso wake ulikuwa karibu na sikio la Nakundwa. Aliuliza tena, taratibu, kama bibi anavyouliza mara ya mwisho akiona macho ya watoto yanafumba. Kapteni alirusha mateke. Kisigino kimoja kiligonga sakafu, kikagonga, kikagonga, na visigino havina majina ya watu.

Kisha hata kisigino kikanyamaza.

Wakakaa hivyo. Makaa yalizama yakawa mekundu hafifu. Misumeno minne ikapunguza mwendo, ikasimama, ikakunjwa kifuani mmoja baada ya mwingine, na Seremala akapiga magoti na kuinamisha uso. Bado hawakusema. Mwishowe Elinami aliokota pete ya mnyororo iliyokatika, akairusha, ikagonga kifua cha chuma. Hakuna kilichotikisika.

"Toa mkono," alimwambia dada yake kwa Kipare. "Amekufa. Toa mkono."

Ilibidi amsaidie kupanua meno ya Kapteni.

Kwenye tundu la ukuta walikuwa wamejaa watu wa sokoni, majembe na mapanga mikononi, wakitazama bila kuelewa. Mbele yao alisimama msichana mwenye kanga iliyolowa damu kuanzia kifuani, damu ya mtu aliyekumbatiwa. Nakundwa alimfahamu. Siku mama yake alipokuwa na wateja wengi, yeye ndiye aliyefunga viazi kwenye mfuko.

"Nani amemwambia amkate mama yangu?" msichana aliuliza.

"Mwambie Kapteni," Elinami alinong'ona, upesi, kwa Kipare. "Yule pale hawezi kubisha. Nakundwa, mwambie ni Kapteni, twende zetu Korogwe."

Msichana alikuwa hajamwona kaka yake pale sakafuni. Nakundwa alimwona Hoza, uso umegeukia ukuta, na akajua kwamba mtu akisema ukweli wote, binti huyu ataishi na neno la mwisho la kaka yake.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwambia akate. Vijana hawa wote, ni mimi."

"Na mama?"

"Na mama."

Watu nyuma wakaanza kusukumana. Msichana akawazuia kwa mkono mmoja bila kugeuka. Alitazama mkono wa Nakundwa, mfupa ukionekana. Akatazama mnyororo, mateka, bibi aliyelala kifudifudi chini ya bomba. Alikuwa anajaribu kuvipanga na havikupangika.

"Toka nje," alisema. "Uyaseme hayo mbele ya wote."

Elinami alimshika dada yake kanga. Nakundwa akaufungua upindo kutoka vidoleni mwake, polepole, akatoka.